Nyuki wa Kilomita ya Nane

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema ili asije mtu akanitafutia visingizio. Mimi ni binti wa mrina asali. Baba yangu, Mzee Xavery wa Urambo, anatundika mizinga tangu kabla sijazaliwa, na jambo la kwanza alilonifundisha, hata kabla ya Salamu Maria, ni namna ya kuwaita nyuki kwenye mzinga mpya. Unayeyusha nta kidogo, unaipaka ndani, kuta zote, unauacha mzinga penye kivuli na kitundu wazi, unaondoka. Majira yao ya kuhama yakifika watakuja wenyewe. Harufu inatosha.

Hilo nalijua kama ninavyojua njia ya kwenda kanisani. Na bado nilichukua kopo la nta, nikaingia ndani ya gari la mashindano, nikapaka.

Gari lenyewe lilikuwa Subaru jeupe lenye maandishi ya njano ubavuni: LAXMIDAS ASALI. Kampuni ya Bwana Parth Laxmidas inanunua asali kwa warinaji wa mkoa mzima, inaichuja na kuifungasha pale Mtendeni, mjini Tabora. Mimi niko pale mwaka wa kumi na moja, chumba cha mapokezi. Naonja ndoo moja moja, nasema hii safi, hii imetiwa sukari, rudi nayo kwenu ukanywee chai. Miaka mitatu iliyopita Bwana Parth alipatwa na wazimu wa magari. Akamtoa Wilbroad kwenye lori la kusambaza mizigo, akamkalisha kwenye usukani wa Subaru, halafu akatangaza kiwandani kwamba anatafuta msoma ramani, mtu mwenye macho makali na sauti isiyotetemeka. Walijaribiwa wanaume sita. Wanne walitapika, wawili walipoteza ukurasa. Mimi sikutapika wala sikupoteza.

Basi kiti cha kushoto kikawa changu. Nina miaka thelathini na nane, mume sina, mtoto sina, na nyumba ninayokaa ni ya kaka yangu. Kile kiti, pamoja na mikanda yake inayokubana kama mtoto aliyefungwa mgongoni, ndicho kitu pekee duniani ambacho watu walikuwa wakisema ni cha Mektilda. Jina langu liliandikwa mlangoni, na nilikuwa nalipangusa kwa mkono wangu kila tukirudi.

Kazi ya msoma ramani si ramani hasa. Kabla ya mashindano mnaipita njia polepole, unaandika kila kona kwenye daftari. Namba moja ni kona kali ya karibu kurudi ulikotoka, sita ni karibu mnyoofu; mia au hamsini ni mita hadi kona inayofuata, na usikate ni usiibane kona kwa ndani. Siku yenyewe dereva haoni kona. Kuna vumbi, kuna kilima, kuna miti. Yeye anasikia tu. Ukimwambia kulia tano, anakanyaga mafuta bila kuona mbele, kwa sababu umesema tano. Wilbroad aliwahi kuniambia, "Dada Mektilda, mke wangu namwamini nikiwa naona. Wewe nakuamini nikiwa kipofu." Nilicheka siku ile, nikamwambia asije akalisema hilo nyumbani kwake.

Mwaka huu Mama Dolatbai, mama yake Bwana Parth, ambaye neno lake ndilo la mwisho pale kiwandani, alichoka kusikia habari za matairi. Bwana Parth akatuita mimi na Wilbroad ofisini. Alikuwa anazungusha kalamu vidoleni, na tulijua si habari njema.

"Mashindano ya nyumbani, mwezi huu wa kumi," alisema. "Mkiingia watatu bora, Mama anakubali, kampuni inaendelea na timu. Msipoingia, gari linauzwa, na kila mtu anarudi kwenye kazi yake. Nimejitahidi, jamani. Hapo ndipo nilipofika."

Kila mtu maana yake Wilbroad na lori lake, mimi na ndoo zangu. Wilbroad alikuwa na mke, watoto wawili na ng'ombe kijijini kwao Ziba. Mimi nilikuwa na kile kiti. Sikulala vizuri wiki nzima.

Sasa ile nta. Kampuni ilikuwa imeanza kuuza nta ya kung'arishia mbao, na Bwana Parth akataka gari lipakwe kwa ajili ya picha. Alisema nje. Ndani niliongeza mwenyewe kwa mapenzi. Nilipaka dashibodi, milango, mabomba ya chuma yanayokinga paa, hadi kifuniko cha tairi la akiba kule nyuma. Gari likanukia kama kabati la masista. Nikajipongeza.

Siku ya kwanza ya mashindano, Nassibu, fundi wetu, aliniita. "Mektilda, hawa vipi? Wanaingia kwenye tundu la hewa juu ya paa, wanatoka, wanaingia tena."

Walikuwa nyuki watano au sita. Nikamwambia, "Wamekuja kuangalia kama umefunga nati." Tukacheka. Pale kiwandani nyuki ni kama inzi buchani, hakuna anayewahesabu. Mtoto yeyote wa kijijini kwetu angeniuliza, wewe mwanamke, hujui hao ni wapelelezi wa kundi linalotafuta nyumba? Miaka kumi na moja ya kuonja asali ya ndoo ilikuwa imenisahaulisha nyuki wenyewe.

Kwa Wilbroad hali ilikuwa nyingine. Yeye nyuki hakuwachukulia mzaha. Alipokuwa na miaka tisa, kule Ziba, kundi liliwavamia maksai wawili waliofungwa nira shambani. Baba yake alikimbilia kuwafungua. Maksai walikufa, na baba yake akafa siku ya pili. Alinisimulia mara moja tu, tukiwa njiani, macho yake yakiwa barabarani. Miaka yote kiwandani hakuwahi kukanyaga chumba cha mapokezi. Alipakia chupa zilizofungwa, akaondoka. "Nyuki hapana, dada," alisema. "Kitu kingine chochote, lakini nyuki hapana."

Siku ya pili, saa sita mchana, tulikuwa wa tatu. Kilichobaki ni kipande kimoja, kilomita thelathini na nne, kutoka kwenye mapumziko porini hadi nje kidogo ya Urambo, sehemu kubwa ikifuata ile njia ya misafara ambayo babu zetu waliipita na pembe mabegani. Wa nne alikuwa nyuma yetu kwa sekunde tisa. Sekunde tisa ni kuteleza mara moja.

Jua lilikuwa kali. Gari liliegeshwa chini ya mti wa mtundu uliojaa maua, tundu la paa likiwa wazi, tukakaa mbali kidogo tukila wali na maharage. Ghafla mwamuzi akapita akipiga filimbi. Muda wa kuanza umewahishwa, magari yote yaende kwenye mstari. Tukaacha sahani chini, tukakimbia. Helmeti, mikanda, daftari. Nassibu alifunga milango akapiga paa mara mbili. Hakuna aliyeangalia nyuma, maana nyuma ya viti vyetu hamna kitu zaidi ya mabomba na tairi.

Wilbroad alifanya ishara ya msalaba. "Dada, leo soma kama unagombana na mtu."

"Nitagombana na wewe," nikamwambia.

Tano, nne, tatu, mbili, moja.

Kilomita saba za kwanza zilikwenda kama tulivyozoea. Kulia nne, mia moja, kushoto tano, usikate, kuna kisiki. Vumbi jekundu lilitanda pande zote. Wilbroad alikuwa anaendesha vizuri kuliko siku zote, mikono myepesi, haongei. Nilijua tunapata.

Kilomita ya nane nyuki mmoja alitembea juu ya ukurasa.

Alipita kwenye "kulia tatu" taratibu, akafika ukingoni, akaruka. Nikasoma kulia tatu. Akatua wa pili kwenye goti langu, wa tatu kwenye kioo upande wangu. Ndipo nikasikia, chini ya kelele ya injini, sauti niliyoijua kabla sijajua kusoma. Nikageuza kichwa kidogo, kadiri mikanda ilivyoniruhusu.

Walikuwa wananing'inia kwenye bomba la nyuma, juu ya tairi la akiba, kundi zima, zito kama debe la mahindi. Walikuwa wanatikisika pamoja na gari, wameshikana miguu. Juu yao, kwenye tundu la paa, wengine walikuwa wanang'ang'ania wasipeperushwe.

Moyo wangu ulisimama. Mdomo haukusimama. "Mia mbili, kilima, kushoto tano."

Ninachokijua kuhusu kundi linalohama ni hiki. Halina nyumba wala watoto wa kutetea, na limeshiba asali kwa safari. Ni pole. Baba hulishika kwa mikono mitupu. Lakini ukimponda mmoja, harufu yake ikitoka, upole umekwisha, na sisi tulikuwa tumefungwa kwa mikanda ndani ya sanduku la bati. Njia salama ilikuwa moja. Nimwambie Wilbroad apunguze mwendo, asimame, tufungue mikanda pole pole, tushuke. Tungebaki hai wote wawili, na sekunde tisa zingekwenda, na gari lingekwenda.

Nilijiambia kwamba nikisema, atashtuka. Gari linakwenda mia na arobaini, ataachia usukani, tutaingia kwenye miti. Hiyo ni sababu nzuri, na inaweza hata kuwa ya kweli. Lakini sijisafishi. Kabla sijafikiria miti, nilifikiria kiti changu.

"Kulia nne, inabana," nikasoma. "Hamsini. Kushoto mbili, korongo, usikate."

Akapiga breki kwa ile mbili, gari likateleza kwa ubavu, kundi likabembea hadi karibu na bega lake, likarudi. Hakuona. Kioo chake cha ndani kilikuwa kimejaa vumbi, nami nikamshukuru Mungu kwa lile vumbi.

Kilomita ya kumi na nne mmoja akatua shingoni mwake.

Alitua pale kati ya helmeti na kola, kwenye jasho. Nilimwona akitembea kuelekea ndani ya nguo. Nikajua kitakachofuata. Mkono wa Wilbroad ungeinuka wenyewe, ungempiga, na basi. Nikatoa mkono wangu wa kulia, nikaweka kidole mbele ya yule nyuki, nikangoja apande.

"Nini?" akasema Wilbroad. Sauti yake kwenye masikio yangu ilikuwa ya mtu aliyeguswa asipotegemea.

"Uzi," nikasema. "Kuna uzi kwenye kola. Mia moja, kulia tano."

Nililisema kwa sauti ileile ya kona. Uzi, mia moja, kulia tano. Naye akakanyaga mafuta.

Nyuki alipanda kidoleni. Nilimweka kwenye mlango, taratibu, kama mtu anayeweka yai. Kumbe alikuwepo mwingine kwenye kifundo cha mkono wangu, pale glavu inapoishia, na gari liliporuka tuta la reli la zamani nikambana na daftari. Akanichoma. Maumivu hayakunisumbua. Kilichonitisha kilikuwa harufu. Nyuki akichoma, pananukia ndizi mbivu, na harufu hiyo ndiyo inayowaita wenzake. Niliinusa. Nyuma yangu sauti ya kundi ikapanda kidogo, kama sufuria inayokaribia kuchemka.

Nilikuwa na bomba la maji ya kunywa kifuani. Nikalichomoa, nikamwaga maji juu ya mkono, nikauficha chini ya paja, nikaukalia. Kurasa nikafungua kwa mkono mmoja. "Kushoto tatu, ndefu. Sitini. Kulia sita, mabani ya kukaushia tumbaku, watu." Wa pili akanichoma kidevuni, ndani ya helmeti. Machozi yalinitoka, sauti haikutoka nje ya mstari. Wale wanaume sita, ningependa wangekuwepo wanisikie.

Nilikuwa naogopa. Niliogopa kufa, niliogopa kumuua baba wa watoto wawili, na katikati ya hofu yote hiyo, aibu ninayo, nilikuwa nahesabu sekunde. Kilomita ishirini. Ishirini na tano. Kila tuta kundi lilibembea. Kila kona nilingoja waachiane. Thelathini. Wilbroad akasema, "Dada, tunaruka leo," kwa furaha ya mtoto, na nikatamani asingesema.

Bendera. Tulivuka mstari tukiwa kwenye gia ya tano.

"Punguza," nikasema. "Taratibu. Simama hapo. Zima injini. Wilbroad, nisikilize. Fungua mikanda pole pole, fungua mlango, shuka, nenda moja kwa moja shambani. Usigeuke."

Aligeuka.

Sitasahau uso ule. Hakupiga kelele. Alishuka kama nilivyomwambia, akatembea hadi kwenye matuta ya tumbaku yaliyokuwa yanangoja mvua, akapiga magoti, akatapika. Halafu akabaki pale, mgongo ukiwa kwetu, mikono juu ya kichwa.

Mimi nilifanya ninachokijua. Nilivua helmeti, nikamwomba Nassibu, aliyekuwa amekata kwa njia fupi na pikapu akatutangulia pale, katoni ya chupa. Nikaipaka nta kidogo ndani, nikailaza chini ya kundi, nikalitikisa bomba mara moja. Waliporomoka karibu wote. Malkia alikuwa katikati, mwekundu mrefu, mzuri. Alipokuwa ndani, waliobaki wakamfuata. Watu walikuwa wamejaa, simu juu, kila mtu anarekodi kwa mbali.

Matokeo yakaja. Tulikuwa wa tatu, kwa sekunde nne.

Bwana Parth alikuja anakimbia, shati limetoka kwenye suruali. Aliponiona na katoni, na kidevu changu kimevimba kama embe, akacheka hadi akashika magoti.

"Nyuki wenyewe wamechagua gari letu! Nani atatangaza asali kushinda hivi? Mama ameshaiona video, amepiga simu mwenyewe. Miaka mitatu, Mektilda! Mkataba wa miaka mitatu, wewe na Wilbroad. Yuko wapi? Wilbroad, njoo tupige picha!"

Miaka mitatu. Nilifurahi, siwezi kukataa. Nikamtazama Wilbroad akija kutoka shambani. Alikuwa amenawa uso. Hakuja kwa Bwana Parth, alikuja kwangu, akasimama hatua nne kutoka kwenye katoni.

"Uliwaona lini?"

Ningeweza kusema mwishoni. Nassibu angeniunga mkono, Bwana Parth angeamini. Lakini nilikuwa nimeshamdanganya mara moja siku ile, na ya pili haikutoka.

"Kilomita ya nane."

Akahesabu. Niliona midomo yake ikihesabu. "Ishirini na sita. Kilomita ishirini na sita ulikuwa unanisomea huku unajua." Akagusa shingo yake. "Uzi."

"Ungeshtuka, Wilbroad. Tungekufa wote."

"Labda," akasema. "Labda ningeshtuka. Ungeniambia nisimame, ningesimama. Siku zote ukisema simama nasimama. Unajua baba yangu alikufaje, nilikuambia wewe tu."

Bwana Parth alianza kusema jamani, tumeshinda, haya mengine tutayazungumza kwa chai. Wilbroad akamwinulia mkono kwa adabu.

"Ile kushoto mbili ya korongoni," akaniuliza. "Ilikuwa mbili kweli?"

"Wilbroad, mdogo wangu..."

"Nakuuliza tu. Ilikuwa mbili?"

"Ilikuwa mbili. Angalia, nimeandika." Nikamfungulia daftari, ukurasa wenyewe, mwandiko wangu. Hakuliangalia. Alikuwa ananitazama usoni, akitafuta kitu, na niliona kwamba hakukipata.

"Nitajuaje?" akasema.

Akamgeukia Bwana Parth. "Bosi, nasaini. Nashukuru wewe na Mama. Ila mtafute mtu mwingine akae pale. Hata mmoja wa wale waliotapika."

Bwana Parth alinitazama, nami nikatikisa kichwa kwamba asibishane. Ningetaka kukasirika, hasira huwa hainipigi chenga, lakini siku ile niliitafuta nikaikosa. Alikuwa na haki. Niliokoa kila kitu isipokuwa kile kilichofanya kiti kiwe changu.

Jioni tulirudi Tabora. Nilipanda nyuma ya pikapu ya Nassibu, katoni mapajani, nyuki wametulia ndani, wamefika nyumbani. Subaru lilikuwa mbele yetu barabara nzima. Wilbroad alikuwa anaendesha peke yake, polepole sana, akipunguza mwendo kila kona hadi aione kwa macho yake.